Mkono Uliompiga Nyigu

"Tangu gitaa hili litiwe nyuzi limepigwa na mkono mmoja tu, na mkono wenyewe ni huu."

Radi aliinua mkono wa kulia juu kama mtu anayeapa mahakamani, vidole vimetanuka, pete nne zinang'aa. "Hakuna mwingine. Ukitaka kuupiga picha, piga."

Aliyekuwa anaambiwa hayo ni mlinzi wa mlango wa nyuma wa jumba la makumbusho, ambaye hakuuliza kitu zaidi ya "Kasha hilo lina nini?" Mlinzi aliutazama mkono, akalitazama kasha refu jeusi, kisha akasukuma daftari la wageni mbele.

"Andika jina, saa, na unakwenda kumwona nani."

"Kwani hunijui?"

"Mimi nakujua, mzee. Daftari ndilo halikujui."

Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi na Radi tayari alikuwa amepandwa na mori. Kwanza, mlango wa nyuma. Mtu anatoa kitu ambacho nchi nzima inakijua, anapitishwa mlango wa mapipa ya takataka! Pili, hilo neno "mzee". Nywele alizitia rangi jana yake, nyeusi hadi zinaelekea buluu, koti la ngozi amelivaa na joto lote lile, halafu mtu mwenye mvi masharubuni anamwita mzee. Aliandika jina kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Kwa aliyezaliwa jana, Radi ndiye yule wa wimbo "Mlango wa Chuma". Wimbo una dakika nne na nusu, lakini tuseme kweli, hakuna anayezikumbuka zote. Kinachokumbukwa ni sekunde kumi na nne za mwanzo: gitaa peke yake, bila ngoma, bila sauti ya mtu, linauma na kuachia kama kiumbe kinachojaribu kufungua mlango kwa meno. Mashabiki wa mpira wanaziimba kwa pua uwanjani. Watoto wanaziimba wakiogeshwa. Miaka thelathini na minne imepita na bado mtu akizisikia anafunga breki za gari. Gitaa lenyewe ni la manjano, limezungushiwa weusi pembeni, na watu walilipa jina: Nyigu.

Sasa usidhani Radi alikuwa anamtoa Nyigu kwa ukarimu. Zawadi hiyo haikutoka moyoni, ilitoka kwenye nyongo. Miezi miwili nyuma alialikwa kuutazama ukumbi mpya wa muziki, na katikati ya ukumbi, ndani ya kabati kubwa la kioo, chini ya taa tatu, alikuta viatu. Viatu vya Kidevu! Kidevu, mpiga gitaa wa bendi pinzani, mtu ambaye hata alipofariki Radi alikwenda mazikoni kuhakikisha.

"Viatu!" Radi alimfokea mkurugenzi siku hiyo. "Mtu amewekewa viatu! Na kimoja kimelika kisigino!"

Mkurugenzi, mtu mjanja, alijibu kwa upole: "Tuletee Nyigu, viatu tutavisogeza pembeni."

Ndiyo maana alikuja.

Chumba cha kupokelea vifaa kilikuwa mwisho wa korido, kirefu, hakina dirisha, kinanuka vanishi na karatasi kuukuu. Rafu zilifika darini. Saa ya ukutani iliyosimama, mashine ya kuandikia isiyo na herufi mbili, gauni la harusi la mtu aliyekwisha sahauliwa: kila kitu kimefungwa kitambaa kidogo chenye namba, kama wagonjwa wodini. Katikati kulikuwa na meza pana iliyotandikwa sponji. Karibu na mlango palikuwa na meza nyingine ndogo, ya peke yake, yenye kalamu moja ya wino iliyofungwa kwa uzi.

Mhifadhi alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, koti jeupe, miwani ameisukumia kichwani, penseli imekaa sikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Radi aliitikia kwa sauti ya mtu aliyemeza msumari.

Alifungua kasha. Binti akanyamaza. Hapo Radi akafarijika kidogo, maana ule ndio ukimya aliokuwa ameuvalia koti. Nyigu alilala kwenye mahameli yake, manjano imefifia kama ndizi iliyoiva, weusi umechubuka. Mhifadhi alivaa glavu, akamnyanyua kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akamlaza juu ya sponji, akamfunga kitambaa shingoni.

"Mia saba na kumi na mbili," alisema, akaandika.

"Ana jina."

"Jina tutaliandika kwenye mabano, mzee."

Radi aliuma meno. Akanyoosha mkono amguse Nyigu kwenye nyuzi, kidogo tu, kama mtu anavyomgusa mke wake kabla ya safari.

"Tafadhali! Glavu."

"Nini?"

"Kikishafungwa namba hakishikwi kwa mkono mtupu. Jasho linakula chuma."

"Binti, jasho lililo kwenye chuma hicho ni langu! Miaka thelathini na minne ya jasho! Leo nivae glavu?"

"Hata mkurugenzi anavaa, mzee."

Akavaa. Zilikuwa ndogo, zikaishia kwenye pete. Mpiga gitaa maarufu kuliko wote akasimama pale na mikono ya mhudumu wa hoteli.

"Nisomee mtakachoandika," alisema. "Kwenye kabati."

"Tuna maneno arobaini, hayazidi." Mhifadhi alichukua kadi, akasoma: "'Nyigu. Gitaa la umeme. Lilipigwa na Radi katika wimbo Mlango wa Chuma. Zawadi ya mpigaji.'"

"Ongeza: 'kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna mwingine.'"

Binti aliongeza kwa penseli.

"Andika kwa wino!"

"Wino hauingii karibu na vifaa, mzee. Hapa ni penseli tu. Wino ni kwenye ile meza ya mlangoni, wakati wa kutia sahihi hati. Shahidi wako anakuja?"

Shahidi. Hilo nalo lilikuwa limemchefua. Hati ya zawadi ilitaka shahidi, ndugu aliyekijua kifaa kabla hakijawa maarufu. Walimweleza kwa simu kwamba mwaka juzi mtu mmoja aliwaletea kiti cha babu yake, siku ya ufunguzi akatokea jirani, akasema kiti ni chake, akakikalia, na hakutoka hadi jioni. Tangu hapo, bila shahidi hawapokei kitu.

Radi alimwandikia dada yake mkubwa ujumbe. *Njoo saa tano, makumbusho, mlango wa nyuma. Ni sahihi tu. Usiongee sana.*

Dada akajibu: *Sawa.*

Siku zote Dada alijibu sawa.

"Anakuja," alisema Radi. "Maliza basi."

Mhifadhi akaanza kazi. Alishusha miwani, akavuta taa, akampitia Nyigu polepole kama daktari, huku akiandika. Alimgeuza mgongo. Akamgeuza tena. Kisha akakunja uso.

"Mzee, hii mikwaruzo ya kupigia mbona iko juu ya nyuzi? Kwa kawaida inakuwa chini."

"Nilikuwa napiga kwa fujo."

"Hapa kwenye pembe ya chini kulikuwa na skrubu ya mkanda. Tundu limezibwa."

"Mimi nitajua kila tundu?"

Binti alisogeza taa. Alikuwa amefika mwanzoni mwa shingo, kwenye kile kipande cha mfupa chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Nyuzi za gitaa hazilingani unene. Nene zinakaa juu, nyembamba zinakaa chini, na kila mmoja una mfereji wa saizi yake. Mtu wa mashoto akilipindua gitaa ili alipige, mpangilio wote unageuka, na lazima mifereji ichongwe upya. Mhifadhi alisogeza kioo cha kukuzia hadi pua ikagusa.

"Hii imezibwa, ikachongwa tena," alisema, kama anaongea peke yake. "Zamani uzi mnene ulikuwa upande wa pili." Akazima taa, akawasha nyingine ndogo ya zambarau. Mifereji ikawaka myeupe, kama mtu anayecheka gizani. "Mungu wangu. Hii si gundi. Hii ni dawa ya kuzibia meno! Iko vilevile kwenye meno ya bandia ya kabati la sita."

Akawasha taa na kumgeukia Radi, uso umechangamka kama aliyeokota dhahabu. "Mzee, gitaa hili lilikuwa la mtu wa mashoto!"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Radi ilikuwa imefika miaka thelathini na minne bila kona, na kona ya kwanza ilikuwa hii, imewekwa na dawa ya kuzibia jino.

Maana Nyigu hakuwa wake. Alikuwa wa Dada. Dada, mashoto toka tumboni, aliyekuwa akijifunza kazi kwenye karakana ya meno ya bandia, alimnunua Nyigu kwenye ukumbi wa dansi uliokuwa unafungwa, akampindua, akamchonga mwenyewe kwa vifaa vya kazini. Zile sekunde kumi na nne alizitunga jikoni, siku aliyofungiwa nje ya geti na bosi wake, kwa hasira tupu. Radi alizisikia kupitia ukuta. Akazipeleka kwenye bendi kama zake.

Siku ya kurekodi zikamkataa. Alizijaribu mara arobaini, vidole vikawa kama mihogo. Dada alikuwa amekuja studio kumletea dawa ya mafua. Fundi wa studio, kwa kuchoka tu, akamwambia, "Dada, hebu wewe." Akapiga mara moja. Ikatosha. Kesho yake walipopiga picha ya jalada la santuri, mpiga picha alisema, "Huyo dada asogee kidogo." Dada akasogea, na hakuitwa tena arudi. Kisha yeye mwenyewe, kwa huruma zake, akaiziba ile mifereji kama anavyoziba jino, akachonga mingine ya mkono wa kulia, ili mdogo wake asiaibike jukwaani.

"Kwenye santuri ya pili tutaweka jina lako," Radi alimwahidi.

"Sawa," alisema Dada.

Santuri zilifika tisa.

"Mzee?" Mhifadhi alikuwa bado anamtazama. "Nani alikuwa mashoto?"

Radi angeweza kusema ukweli wakati ule. Kabati lingekuwepo tu, viatu vya Kidevu vingesogezwa tu. Lakini hasira ya tangu asubuhi, ya mapipa na mzee na namba na glavu, ilikuwa imemjaa hadi masikioni, na mtu mwenye hasira huwa haulizi ulimi wake unakwenda wapi.

"Mimi!" alifoka. "Mimi ndiye mashoto!"

"Lakini mbona ulitaka kuligusa kwa..."

"Nilibadilishwa! Kwa viboko! Shuleni!" Akapiga meza kwa ngumi ya kulia, akakumbuka, akaipiga tena kwa ya kushoto. "Mwalimu alinichapa mkono huu kila siku hadi nikauacha. Mmeridhika? Nimeuficha maisha yangu yote, leo mmenichimbua!"

Kilichomshangaza ni jinsi lilivyotoka vizuri. Sauti ilikatika mahali penyewe. Mhifadhi macho yakamlowa.

"Pole sana, mzee. Pole sana. Hii lazima iingie kwenye kadi." Akaandika upesi, akisoma huku anaandika: "'Alichapwa shuleni kwa sababu ya mkono wake wa kushoto. Kwa mkono huohuo akapiga Mlango wa Chuma.'" Akavuta pumzi. "Watu watalia."

Akampigia mkurugenzi simu, akaifungulia sauti. Mkurugenzi alipiga kelele za furaha hadi simu ikakoroma. "Ajabu! Ajabu kubwa! Basi Jumamosi kwenye ufunguzi atatupigia kwa kushoto! Sekunde kumi na nne tu, mzee Radi! Mbele ya kamera!"

"Nitapiga," alisema Radi.

"Na picha," mkurugenzi aliongeza. "Akitia sahihi. Kwa kushoto!"

Basi Radi akaketi kwenye ile meza ndogo ya mlangoni. Akavua glavu. Akashika kalamu ya wino kwa mkono ambao kazi yake maishani ilikuwa kushika shingo ya gitaa na kikombe. Mhifadhi akainua kamera.

Radi alianza. Herufi ya kwanza ikatoka kama mdudu aliyekanyagwa. Ya pili ikapanda juu ya mstari. Kiganja kilikuwa kinaburuza wino, jasho linamtiririka chini ya koti, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa chekechea, na alikuwa anailaani kimoyomoyo kalamu, meza, Kidevu na viatu vyake.

"Tangu lini, mdogo wangu?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni, mlinzi nyuma yake na daftari kwapani. Gauni la kazini, viatu vya chini, mfuko begani, vumbi jeupe la karakana ya meno bado liko kwenye mikono. Saa tano kamili.

"Dada. Umefika. Kaa pale, utaitwa."

"Nimeuliza, tangu lini unaandika kwa kushoto?"

"Karibu sana, mama," alisema Mhifadhi, sauti bado ina machozi. "Mzee ametueleza yote. Alivyochapwa shuleni kwa sababu ya mkono wake. Wewe ulikuwepo, eti?"

Dada aliingia ndani. Alimtazama Nyigu juu ya sponji, namba shingoni. Akaitazama kadi mkononi mwa binti, akainama, akaisoma. Alipomaliza, uso wake ulikuwa umebadilika, na Radi, aliyemjua kwa miaka hamsini na minane, aligundua kwamba uso ule hajawahi kuuona.

"Nilikuwepo," alisema Dada. "Nilikuwepo sana."

"Dada, tulikubaliana..."

"Tulikubaliana nini? Nilikuja hapa kutia sahihi! Nimetoka kazini, nimepanga foleni ya basi, nikasema nisaini, yaishe, acha mtoto wa mama afurahi. Jina nilikuachia. Gitaa nikakuachia, nikalichonga likutoshe. Ukaniambia nisogee, nikasogea." Sauti haikupanda. Ilikuwa inashuka, na kila iliposhuka mlinzi alirudi hatua nyuma. "Lakini viboko? Viboko vile nilichapwa mimi. Kila Jumatatu, mbele ya darasa, vidole vimekunjwa hivi. Na wewe ulikuwa dawati la mbele, unacheka. Leo umechukua na viboko vyangu?"

"Punguza sauti, kuna watu!"

"Ndio hao nawaambia."

Alisogea kwenye meza, akaichomoa kalamu kwenye vidole vya mdogo wake, akaivuta hati. Kwenye mstari wa shahidi palikuwa pameandikwa *Uhusiano wako na kifaa*. Dada akaandika kwa mkono wa kushoto, kiganja kimepinda juu ya mstari kisiguse wino, herufi zimenyooka kama meno aliyoyapanga mwenyewe: *Mpigaji.*

Mhifadhi aliutazama mkono ule. Akautazama wa Radi, umepakaa wino hadi kwenye saa.

Radi aliruka kwenye kiti. "Muongo! Ana wivu huyu, wivu wa tangu utotoni! Nyinyi mtamwamini nani, fundi wa meno au mimi? Nchi nzima inanijua! Neno lake na neno langu, nani ana shahidi? Nani?"

Mlinzi alikohoa.

"Samahani, mzee. Sitaki kuingilia mambo ya familia." Akafungua daftari lake, akaweka kidole mahali karatasi ilipotobolewa na kalamu. "Lakini asubuhi, kwangu pale mlangoni, si uliapa ni ule mwingine? Tena ukasema nikitaka niupige picha."

Wote wakageuka wakautazama mkono wa kulia. Ulikuwa juu, umetanuka, pete nne zinang'aa. Radi mwenyewe hakujua ameuinua saa ngapi.

Mhifadhi alichomoa penseli sikioni, akaigeuza upande wa kifutio, akaanza kuifuta ile kadi.